SAA YA HATUA YA NYANYA: JINSI YA KUTAMBUA SAA KUUKUU YA MAZOEZI NA KUJUA KAMA BADO YAFAA

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike somo lolote lenye manufaa kwa jamii. Wenzangu wameandika juu ya ngeli, mashairi na methali. Mimi nimeona heri niandike juu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu hapa Jego, ambalo nusura limfanye nyanya yangu aache kwenda kliniki. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho.

KISA CHENYEWE

Nyanyangu ana ugonjwa wa presha. Kila mwezi huenda zahanati akapimwa na kupewa vidonge. Siku moja ya likizo ya mwezi wa nane nilimuona amekaa barazani, asuka ukili, hana habari ya safari.

"Shikamoo nyanya. Kwani leo si siku ya kliniki?"

"Marahaba mwanangu. Siendi tena mimi. Nikapange foleni ya nini, na mjomba wako ameniletea saa ya kupima presha?"

Akafungua fundo la leso akanitolea kijisaa cheusi chembamba, mkanda wa mpira, kioo kimezimika. Mjomba wangu hufanya kazi hotelini Diani. Mgeni mmoja wa Kizungu alipokuwa akirudi kwao alimwachia saa hiyo kama zawadi, bila boksi wala chaja. Mjomba akaiweka mtobwe wa kabati miaka miwili, kisha akamletea mama yake. Alikuwa ameiona kwa mgeni ikitoa taa ya kijani upande wa chini, akaambiwa yapima moyo. Kutoka moyo mpaka presha, maneno yakabadilika njiani baina ya Diani na Jego.

Tulimpelekea fundi mmoja wa simu. Akaigeuza mara moja tu, akasema, "Hii imekufa. Nipeni niwape mia mbili." Nyanya akakataa. Ndipo nikamwambia, "Nyanya, nipe wiki mbili. Nitakwambia ni saa gani, kama ni nzima, na kama yapima presha. Lakini kliniki nenda." Akanitazama sana, kisha akasema, "Haya, wiki mbili."

Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza. Nimeyapanga katika maswali manne. Yeyote mwenye saa kama hiyo ayafuate kwa utaratibu huo huo, asiruke.

SWALI LA KWANZA: NI SAA GANI?

Hapa chamani tumekubaliana kuiita saa ya hatua, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuhesabu hatua za mwenye kuivaa. Kuhesabu hatua si jambo geni. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kufunga kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Saa za mkononi za kuzungumza na simu zilienea baadaye. Fitbit, kwa mfano, ilianzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2007 na James Park na Eric Friedman, na mwaka 2021 ikaingia mikononi mwa Google.

Sasa, saa hizi zafanana kama mapacha. Utazitenganishaje? Ziko alama nne.

1. Maandishi ya nyuma. Karibu kila saa ina namba ya aina yake upande wa chini, lakini herufi ni ndogo kama mayai ya chawa. Mimi niliazima lenzi ya kukuzia kutoka maabara ya Fizikia, nikaisogeza dirishani penye jua. Waweza pia kupiga picha kwa simu kisha uikuze. Namba za Fitbit nyingi huanza na FB. Mfano, FB401 ni Flex, FB405 ni Charge HR, FB407 ni Charge 2. Ukikuta maneno FCC ID, hiyo ni namba ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Ukiitafuta kwenye mtandao utapata picha na jina la kifaa.

2. Umbo. Je, ina kioo au taa tupu? Fitbit Flex ya mwaka 2013 haina kioo, ina vitone vya taa. Mi Band ya kwanza ya Xiaomi, ya mwaka 2014, ina taa tatu, na ya pili ya mwaka 2016 ina kioo kidogo.

3. Mahali pa kuchajia. Hapa ndipo penye siri nyingi. Nike+ FuelBand ya mwaka 2012 ina kichwa cha USB ndani ya kifungo chake. Jawbone UP ina kijiti kama cha vipuli vya kusikilizia muziki. Mi Band za mwanzo huchomolewa kiini chake kutoka kwenye mkanda. Fitbit nyingi zina vidoa vya madini mgongoni ambavyo hubanwa na kibanio cha chaja.

4. Aina ya betri. Nyingine hazichajiwi kabisa, hutumia betri ya sarafu. Fitbit Zip ya mwaka 2012 na Garmin vívofit ya mwaka 2014 ni za namna hiyo. Mwenye saa kama hizo huenda akahitaji betri mpya tu, naye anadhani imekufa.

Kwa lenzi ile nilisoma FB407. Kumbe ya nyanya ni Fitbit Charge 2, iliyotoka mwaka 2016. Nilirukaruka kwa furaha kama niliyepita mtihani.

Utaniuliza, jina lina faida gani? Lina faida kubwa sana. Mwezi wa tatu mwaka 2022 Fitbit iliwaita wenye saa aina ya Ionic wazirudishe, kwa sababu betri yake yaweza kupata moto kupita kiasi na kumuunguza mvaaji. Namba yake ni FB503. Ukiokota Ionic droo ya mtu, usiichaji wala usiivae. Mfano mwingine ni maji. Charge 2 na Flex 2 zilitoka mwaka mmoja, 2016. Flex 2 waweza kuogelea nayo. Charge 2 huvumilia jasho na marasharasha tu, si kupiga mbizi. Ndugu zangu wa Vanga na Jimbo mnaokwenda baharini, asiyejua jina la saa yake ataizamisha yeye mwenyewe.

SWALI LA PILI: INA UHAI?

Kioo kuzimika si kufa. Saa iliyokaa kabatini miaka miwili lazima betri yake itakuwa imekwisha. Lakini kabla ya kuichaji, itazame kwanza. Iweke mezani. Kioo kikiwa kimeinuka, au mgongo umevimba, au kuna harufu tamu tamu ya dawa, hiyo betri imeharibika. Usiitoboe, usiibane, usiitie moto. Iweke mbali na watoto na vitu vya kuwaka, kisha ipelekwe kwa wanaopokea taka za umeme.

Ya nyanya haikuvimba. Shida yake ilikuwa vile vidoa vya kuchajia. Vilishika ukungu wa kijani, na hili si ajabu kwetu pwani. Jasho ni chumvi, na hewa yetu nayo ni chumvi. Nilivisafisha kwa mswaki mkavu, kisha kwa pamba iliyoguswa spiriti kidogo, nikaacha ikauke. Msitumie kisu wala msasa.

Sasa nitaungama kosa langu. Chaja sikuwa nayo. Nikafikiri, si umeme ni umeme? Nikachuna nyaya mbili nizifunge kwenye betri ya sola ya nyumbani. Bahati nzuri nilimtajia mwalimu wa Fizikia. Akanishika sikio, kisha akanieleza. Betri ya sola ni ya volti 12. Saa hii hutegemea chaja ya USB ya volti 5, na ndani yake mna betri ya lithiamu ambayo ikijaa huwa volti 4.2 tu. "Ungeipa volti 12," akasema, "ungepata moto mkononi, halafu ungesema ni jini." Tangu siku hiyo nimejua kwa nini mada ya umeme iko kwenye silabasi.

Njia ya halali ni kutafuta chaja ya aina ile ile. Nasema aina ile ile kwa sababu kibanio cha Charge 2 hakiingii Charge 3. Mjomba aliulizia kwa wafanyakazi wenzake, akapata mmoja mwenye chaja isiyo na saa. Ikaletwa kwa matatu kupitia Msambweni na Lunga Lunga mpaka kwetu. Tukaibana. Dakika ya kwanza kimya. Ya tano kimya. Nyanya akasema, "Yule fundi alisema kweli." Baada ya kama robo saa kioo kikawaka picha ya betri. Nyanya akapiga kigelegele, majirani wakadhani kuna posa.

SWALI LA TATU: INA WA KUZUNGUMZA NAYE?

Hapa ndipo wengi hawafiki. Saa ya hatua si kama saa ya ukutani. Nyingi zahitaji kuunganishwa na programu ya simu ili zijue saa na tarehe, na programu nayo hutegemea mitambo ya kampuni huko mbali. Kampuni ikifunga mitambo, saa hubaki nzima kama bubu asiye na wa kumsikia.

Mifano ipo. Jawbone ilifilisiwa mwaka 2017. Nike ilisimamisha programu ya FuelBand mwezi wa nne mwaka 2018. Huduma za Pebble zilizimwa mwezi wa sita mwaka 2018. Microsoft ilizima huduma za saa yake iitwayo Band tarehe 31 Mei 2019. Saa hizi zote zaweza kuchajika vizuri lakini kazi yake kubwa imepotea.

Hata hivyo, si zote zilizoachwa yatima. Watu wa kujitolea walianzisha Rebble ili wenye Pebble waendelee kuzitumia. Wengine walitengeneza programu ya bure iitwayo Gadgetbridge, ambayo huzungumza na saa za aina nyingi, zikiwemo Mi Band, bila kupitia mitambo ya kampuni. Fundi wa kweli huuliza haya kabla ya kusema "imekufa."

Tulitumia simu ya mama. Hatua ni hizi: uwashe Bluetooth, upakue programu ya kampuni, uingie kwa akaunti ya Google, uchague jina la saa, kisha usome namba nne zitakazotokea kwenye kioo cha saa na kuziandika kwenye simu. Namba zikitokea, mjue mmefaulu. Zetu zilitokea, na saa ikajirekebisha wakati wake yenyewe.

Neno moja la adabu. Saa hii hukusanya habari za mwili wa mtu, mapigo ya moyo na muda wa kulala. Kabla ya kuandika chochote nilimuuliza nyanya kama aridhia. Akaniuliza, "Nani ataona?" Nikamwambia, "Mama, mimi, na kampuni yenyewe." Akafikiri, akasema, "Andika." Hata kama ni mzee asiyejua simu, mwili ni wake.

SWALI LA NNE: YAFANYA KAZI GANI, NA IPI HAIFANYI?

Ndani ya saa mna kijidude kidogo cha kutambua mchapuko. Wanafunzi wa kidato cha tatu mwaujua mchapuko, ni badiliko la kasi kwa muda. Unapotembea mkono wako hupembea kwa mpigo, na saa huhesabu mpigo huo. Haioni miguu hata kidogo! Kwa hiyo tulifanya majaribio. Nyanya alitembea uani huku mimi nahesabu kwa sauti mpaka 100.

Akitembea mikono mitupu, saa ilisoma 97.
Akiwa na ndoo ya maji kichwani, mkono mmoja umeishika, na ndio mkono wenye saa, ilisoma 58.
Akikaa kitako, saa ilisoma 0.
Akitwanga mpunga kwenye kinu, miguu imesimama pale pale, mapigo 100 ya mchi yalimpa hatua 83!

Nyanya alicheka mpaka akaweka mchi chini. "Basi nitakwenda Vanga na kurudi nikiwa jikoni." Lakini majaribio hayo yana fundisho. Saa hii yafaa kulinganisha siku na siku ya mtu yule yule, mradi aivae mkono ule ule. Haifai kuamini kila tarakimu. Jaribio la hatua 100 ni rahisi, na kila mwenye saa kuukuu alifanye kabla ya kuitegemea.

Na hizo hatua 10,000 zinazotajwa tajwa? Zilianzia kwenye lile jina la biashara la Kijapani nililolitaja. Mwaka 2019 Profesa I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitoa utafiti juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani. Waliotembea kiasi cha hatua 4,400 kwa siku walifariki wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kuongezeka mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Kwa hiyo mzee asivunjike moyo kwa kutofika 10,000.

Tufike sasa kwenye roho ya somo hili. Taa ya kijani ni ya nini? Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka mshipani na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupungua huko na kutoa mapigo kwa dakika. Hayo ni mapigo, si presha. Presha ni nguvu ambayo damu yasukumia kuta za mishipa. Mashine ya zahanati huufunga mkono na kuubana kwa hewa, kisha hutoa namba mbili, kama 120 kwa 80. Moyo waweza kupiga mara 72 kwa dakika, tulivu kabisa, na presha iko juu mno. Charge 2 haipimi presha. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na hakuna chaja wala programu itakayoifanya ipime.

Msidhani ni nyanya tu aliyechanganya. Mwezi wa pili mwaka 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya saa na pete zinazodaiwa kupima sukari ya damu bila kumtoboa mgonjwa. Ilisema haijaidhinisha hata moja. Mwenye kisukari akizitegemea anaweza kukosea dawa.

Siku ya mwisho ya zile wiki mbili nilimweleza nyanya haya yote, taratibu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kwa hiyo ningaliamini hii, ningaliona 72 yako hiyo nikasema nimepona, nikaacha vidonge."

"Ndiyo, nyanya."

Kesho yake asubuhi alivaa buibui, saa mkononi, akashika njia ya zahanati kwa miguu. Alipopimwa, presha ilikuwa imepanda. Mhudumu alimsema kwa kuchelewa, akampa vidonge, akamwambia kutembea ni kuzuri sana ila kusichukue nafasi ya dawa. Saa ilionyesha hatua 5,216 siku hiyo. Nyanya alinionyesha hata kabla ya kuvua buibui.

TAMATI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza, usione vyawaka, uliza vimeundwa kwa kazi gani. Yule fundi alisema imekufa, kumbe ingali hai. Mjomba naye alisema yapima presha, kumbe haipimi. Wote wawili hawakuisoma mgongoni. Saa ya nyanya bado yafaa. Betri yake hudumu siku mbili na kidogo, kwa hiyo tunaichaji kila jioni ya pili. Tarehe ya kliniki tumeiandika kwa chaki mlangoni, na saa haina ruhusa ya kuifuta.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Taja alama nne za kutambulisha saa ya hatua.
2. Kwa nini saa nzima yenye betri nzuri yaweza kukosa kazi?
3. Eleza tofauti ya mapigo ya moyo na presha ya damu.
4. Fanya jaribio la hatua 100 kwa saa yoyote ya hatua uliyo nayo au uliyoazima: mikono mitupu, ukiwa na mzigo kichwani, na ukiwa juu ya bodaboda. Ulete majibu mkutano ujao wa chama.
5. Tunga sentensi ukitumia maneno haya: kuukuu, mchapuko, kufyonza, kibanio.